Leseni ya ngazi ya juu si lazima kwa kila mfanyakazi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie gharama inayozibana ofisi nyingi ndogo bila sababu, yaani kupandisha ngazi ya leseni (vibali vya kulipia vya kutumia programu za ofisi) za wafanyakazi wote pale nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inapomwishia mmoja wao.

Katika mipango mingi ya biashara ya Microsoft 365, huduma ya kulipia ya programu za ofisi za Microsoft, kila mtumiaji hupewa terabaiti 1 (kama gigabaiti 1,000) ya OneDrive, hifadhi ya mafaili mtandaoni iliyo yake peke yake, kwa hiyo nafasi anayobakiza karani wa mapokezi haimsaidii hata kidogo mchoraji wa ramani za majengo aliyekwisha kuijaza yake. Dawa si leseni ghali zaidi, bali ni kuyahamishia mafaili ya miradi SharePoint, hifadhi ya pamoja ya taasisi nzima katika huduma hiyohiyo, ambako taasisi hupata terabaiti 1 pamoja na gigabaiti 10 kwa kila leseni, na nyongeza hununuliwa kwa gigabaiti bila kugusa leseni ya mtu yeyote.

Google Workspace, huduma kama hiyo ya kampuni ya Google, huhesabu kwa namna nyingine: mpango wa Business Standard hutoa terabaiti 2 kwa kila mtumiaji, lakini zote huingia katika fungu moja, hivyo ofisi ya watu kumi ina terabaiti 20 za kugawana. (Business Starter, wenye gigabaiti 30 tu kwa kila mtu, hujaa upesi mno.)

Wakala mmoja wa kuuza leseni hizi alitupatia hati ya bei isiyotaja tofauti hiyo hata kwa mstari mmoja. Nawaomba mawakala waionyeshe bayana kabla mteja hajatia saini.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam