Safaya iliyochomwa siyo feki

Atu rafiki yangu,

Vipi Makambako, mama anaendeleaje? Huku Mbeya baridi bado ipo tu. Meseji yako ya kuniuliza kama ununue lile jiwe la chungwa au lile la bluu nimeiona, nikaona bora nikuandikie vizuri maana hii ishu ya safaya za kuchomwa, yaani yale mawe ya vito yanayopashwa moto ili rangi ipendeze, inawachanganya wengi na wengine wanapoteza hela kabisa.

Safaya ikiwa safi kabisa haina rangi, ni alumini na oksijeni tu. Rangi inaletwa na vitu vidogo sana vilivyoingia wakati jiwe linajiunda huko chini. Ili iwe bluu lazima chuma na titani vikae jirani, mwanga ukipita elektroni inaruka toka kwenye chuma kwenda kwenye titani, hapo upande wa njano na mwekundu wa mwanga unamezwa na macho yako yanapata bluu. Chuma peke yake kinaleta njano, kromiamu inaleta pinki, na ikikolea hadi nyekundu ndo rubi hiyo, jiwe ni lile lile! Mawe ya Songea na Tunduru yana rangi kibao na mi nayapenda kwa hilo.

Sasa kuchoma. Tanuru linafika hata nyuzi 1,800, zile sindano nyembamba za rutili (madini ya titani) zinazoleta ukungu ndani zinayeyuka, titani yake inaachiwa inakutana na chuma, bluu inakolea. Sri Lanka kuna mawe meupemeupe wanaita geuda, yalikuwa hayana thamani mpaka Wathailand walipoanza kuyachoma miaka ya 1970. Hapo hakuna rangi iliyotoka nje, ndo maana nakataa kuiita feki, ila muuzaji aseme.

Tatizo ni berili, metali nyepesi inayoingizwa kwenye jiwe toka nje wakati wa kuchoma. Mwaka 2001 na 2002 safaya za rangi ya chungwa zilijaa sokoni toka Thailand, kumbe zilichomwa pamoja na madini yenye berili, na mengine ni mawe ya hapahapa Songea na ya Madagaska. Atomi ya berili ni ndogo, inaweza kupenya hadi katikati ya jiwe, kwa lupu (kile kioo cha kukuzia) huwezi kuwa na uhakika, inataka maabara. Kuna wanaochoma na titani ya kuongeza toka nje pia, ila rangi ya hiyo angalau inabaki juujuu, ukilichovya jiwe kwenye kimiminika unaona rangi imejikusanya kwenye kingo.

Kwahiyo hilo la chungwa ulilopewa bei, usilipe kama la asili bila cheti cha maabara, hata kama broka ni ndugu yako. Lile la bluu lililochomwa kawaida, kama bei ni ya jiwe lililochomwa, chukua tu dada.

Nijibu ukiamua.