Usiung'oe ule mti wa mlizamuni

Wete, Pemba
5 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anaendelea vizuri, anakudai simu. Picha uliyonitumia nimeiona. Unasema ule mti wa karibu na mlizamu umekufa, unataka kuung'oa upande kitu kingine. Usiung'oe, mwanangu. Haujafa.

Ule ni Clethra alnifolia, mti mfupi wa maua meupe yanayonukia, na desturi yake ni kuchelewa. Miti ya mtaa mzima itavaa majani, wenyewe ungali vijiti vitupu. Wa kwanza niliununua mwaka tuliohamia Massachusetts. Mwezi wa Mei nikauona mkavu, nikautia jembe, kumbe chini mizizi mibichi na machipukizi yameshaanza. Nililia siku ile. Ukiwa na shaka, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona ukijani ndani, mti u hai.

Theluji ikishaondoka mwezi huu, kata mashina mawili matatu yaliyozeeka kabisa, uyakate chini karibu na udongo. Halafu mkasi uweke. Maua yake hutoka kwenye matawi ya mwaka huohuo, kwa hiyo ukipogoa Juni umeyakata maua yenyewe.

Maji ndiyo uhai wake. Kwao ni kwenye vinamasi na kingo za mito ya mashariki ya Marekani, tangu Maine hadi Florida, ndiyo maana niliupanda pale maji ya paa yanapomwagika. Julai mvua ikikatika, mwagilia shinani taratibu mpaka udongo ulowe hadi chini. Usingoje majani yakauke kingo. Kisha tandaza majani makavu ya msonobari ili unyevu usitoroke.

Na majivu ya meko usiyamwage pale, hata kidogo. Najua bibi yako alikufundisha kutia majivu kwenye mchicha, lakini mti huu unapenda udongo wenye asidi, na majivu huiondoa asidi kama chokaa. Ukiona majani yamekuwa manjano na mishipa imebaki kijani, ujue udongo umeukataa.

Machipukizi yakiibuka pembeni, chimbua moja na mizizi yake umpelekee dada yako. Aliliomba zamani.

Mwisho wa Julai utaona vishada vyeupe vimesimama wima, nyuki wamevijaa. Jioni fungua dirisha la jikoni. Mimi nimekulia kwenye majamvi ya karafuu, na harufu ile si ya karafuu, ni tamu kama asali. Ila ndani yake mna ukali wa viungo, na kila mwaka nilikuwa nikisimama pale dirishani mpaka chai inapoa. Baadaye maua huacha vitumba vya mbegu mfano wa pilipili manga. Usivikate, vinapendeza juu ya theluji.

Mwaka huu maua yatanikuta huku. Yakifunguka, nipigie hata kama ni usiku, uniambie ni tarehe ngapi.

Mama yako