Kwa Nini Paka Aliyeacha Kukohoa Anarudishwa Kwenye Eksirei

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja aliondoka hapa kliniki akinung'unika kwamba tumemlipisha eksirei mara mbili kwa ugonjwa uleule, ilhali paka wake alikuwa ameacha kukohoa na anakula vizuri. Malalamiko haya yamejirudia mno, na tumeona ni haki ya wateja wetu kuelezwa kwa maandishi picha ya pili ni ya nini.

Paka ni mnyama anayeficha maradhi. Akiwa na nimonia hupunguza tu kutembea na kulala zaidi, na mwenyewe hudhani ni uvivu. Ikifika siku anahema mdomo wazi, hali imeshakuwa mbaya, na mgonjwa wa namna hiyo hatumlazi mezani kabla ya kumpa oksijeni, kwa sababu purukushani za kumshika zinaweza kumuua. Akianza dawa pia hutudanganya, kwani homa hushuka na hamu ya chakula hurudi mapema, huku mapafu yakiwa bado machafu.

Tunamkumbuka dume mmoja wa rangi ya chungwa aliyekuja na usaha kifuani, ugonjwa ambao mara nyingi huletwa na bakteria wanaoishi kinywani mwa paka wenyewe. Tulimtoa usaha kwa mpira, tukamsafisha kifua, tukamwandikia antibiotiki za wiki 6. Wiki ya pili mwenyewe alimwona anaruka ukuta, akaacha dawa, na picha ya marudio akaiahirisha ili kuokoa fedha. Aliporudi, maji yalikuwa yamejaa kifuani kiasi kwamba kivuli cha moyo hakikuonekana kabisa kwenye picha. Mpira ukaingizwa upya, paka akalazwa siku 5, na bili ikawa mara kadhaa ya bei ya ile picha iliyokwepwa.

Wengine huomba picha moja tu ya ubavu. Paka akilalia ubavu wa kulia, pafu la kulia hubanwa na kupungukiwa hewa, na doa lililomo humo huweza kupotea kabisa machoni. Ndiyo maana tunapiga ubavu wa kulia, wa kushoto, kisha chali, na kila mara tunasubiri kifua kijae hewa ndipo tubonyeze. Bei yetu ni ya picha zote tatu na ya macho yanayozisoma, na hatuoni pa kuipunguza bila kupunguza kazi yenyewe.

Hatudai kwamba eksirei hujua kila kitu. Minyoo ya mapafu, ambayo paka huipata kwa kula konokono, au mijusi, ndege na panya waliokula konokono hao, huweza kufanana na pumu kwenye picha: kuta za njia za hewa zimenenepa na madoa yametapakaa. Jike mmoja aliletwa kwetu baada ya kutibiwa pumu kwa miezi. Tulipopima kinyesi chake, mabuu ya minyoo yalikuwa yakijinyonganyonga chini ya hadubini. Kikohozi kiliisha kwa dawa ya minyoo, lakini picha ya marudio ilikuwa bado na madoa, na mwenyewe akataka dozi iongezwe papo hapo. Tulimsihi asubiri, kwa kuwa picha huchelewa nyuma ya mgonjwa, na tulipoiweka kando ya ile ya kwanza, madoa yalikuwa yamepungua waziwazi. Bila picha ya kwanza tusingekuwa na cha kulinganisha.

Kati ya picha moja na nyingine, kazi ya kufuatilia ni yenu na haina malipo. Hesabuni pumzi za paka akiwa amelala usingizi: kifua kikipanda na kushuka ni pumzi 1. Paka mzima kwa kawaida hapiti pumzi 30 kwa dakika. Andikeni hesabu hiyo kila jioni, na ikizidi 40 mleteni siku hiyohiyo, pamoja na picha zake za zamani hata kama zilipigwa kwingine.