Mlango, komeo na zimwi: barua kwa binti yangu

Malaba, Jumapili usiku

Binti yangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, mgongo wa mama yako umepata nafuu, na mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kubeba. Makala yako ilifika Ijumaa pamoja na zile hadithi mbili za kutisha ulizonichapia, "Horla" ya Mfaransa Maupassant na "Mkono wa Tumbili" ya Mwingereza Jacobs. Nimezisoma mara mbili, ya pili kwa taa ya chemli maana umeme ulikatika mapema, malori yakinguruma kwenye foleni ya forodha kama kawaida yake.

Uliniomba nikusahihishe kama ninavyowasahihisha wanafunzi wangu, bila kukuonea haya. Basi nakwambia: Maupassant umemsoma. Jacobs umempitia juu juu.

Nianze na palipo pazuri. Umeona kwamba "Horla" imeandikwa kama shajara, na kwamba zile tarehe si pambo. Tunaanza tarehe 8 Mei, mtu amejilaza kwenye majani mbele ya nyumba yake kando ya mto Seine, karibu na Rouen, anaisalimu meli nyeupe ya Brazil inayopita. Tunaishia tarehe 10 Septemba, nyumba hiyohiyo ikiteketea. Kati ya hapo msimulizi hajui kesho ataandika nini, nasi hatujui. Akinyamaza siku kadhaa, msomaji anaanza kumwogopea.

Lakini ulipofika kwenye zimwi lenyewe umeandika mstari mmoja tu, kwamba Horla haonekani. Haitoshi, mama. Jiulize, kama haonekani, mtu huyu amejuaje kwamba yupo? Amejua kama mwenye duka anavyojua kuna mwizi: vitu vinapungua. Analala ameacha maji na maziwa, anaamka vimenywewa. Anashuku kwamba ni yeye mwenyewe anaamka usingizini. Basi anazifunga chupa kwa kitambaa cheupe, anajipaka ule weusi wa penseli midomoni, kwenye ndevu na mikononi, analala. Asubuhi shuka ni safi, kitambaa hakina hata alama, na chupa ni tupu. Hapo niliacha kusoma kidogo, nikaangalia kikombe changu cha chai.

Halafu kuna ile ya kioo, ambayo umeiruka kabisa. Taa zote zinawaka, chumba ni kama mchana, anageukia kioo, na yeye mwenyewe hamo. Kitu kimesimama kati yake na taswira yake. Zimwi la Maupassant halina uso wa kutisha, halina meno wala kwato. Kazi yake ni kukuondolea uso wako wewe. Andika hilo kwa kirefu.

Na jambo jingine litakusaidia. Hadithi hiyo aliiandika mara mbili. Mwaka 1886 aliiweka mbele ya madaktari na wataalamu: daktari anawaita wenzake, mgonjwa anaingia, anasimulia yote yakiwa yameshapita. Mwaka 1887 akamtoa daktari, akawatoa wasikilizaji, akamwacha mtu peke yake na kalamu. Chupa ni zilezile, kioo ni kilekile. Ila mara ya kwanza kuna watu chumbani wa kutazamana nao, mara ya pili hakuna. Na huyu wa mara ya pili, alipofikiri amemfungia Horla chumbani, aliwasha moto akasahau kwamba watumishi wake wamelala ghorofani. Hatuna mwingine wa kumuuliza zaidi ya yeye aliyewachoma. Ndiyo maana nasema mtindo wa usimulizi na zimwi usivitenge katika sura mbili kama ulivyofanya. Ni kitu kimoja.

Sasa tuje kwa Jacobs na mkono wake wa tumbili, wa mwaka 1902. Umeandika kwamba hadithi hii "haina zimwi, ina bahati mbaya tu," na kwamba msimulizi wake ni baridi. Nililiweka karatasi lako chini nikatoka nje kidogo.

Baridi yake iangalie vizuri. Msimulizi amesimama nje ya familia ile, hatuambii wanavyoumia. Anatuonyesha vitu. Baba na mwana wanacheza sataranji, mama anafuma karibu na moto. Askari aliyetoka India anawaachia mkono mkavu wenye matakwa matatu. Baba anaomba pauni 200. Kesho yake mtu mgeni aliyevaa vizuri anazungukazunguka nje ya lango, anasita, anaingia. Mama anavua aproni haraka anaificha chini ya mto wa kiti. Mgeni anaanza kusema, kisha anainama, anatoa uzi wa pamba kwenye suruali yake. Mwana wao amenaswa na mashine kiwandani. Kampuni haikubali lawama, ila inatoa pole, na hiyo pole ni pauni 200.

Ule uzi wa pamba, mwanangu. Mwandishi angeweza kutupigia mayowe pale. Badala yake ametuonyesha mtu asiyejua macho yake ayapeleke wapi.

Wewe ulikuwa darasa la tatu kaka yako alipofariki, kwa hiyo hukumwona mtu aliyetumwa kwetu. Kaka yako alikuwa taniboi wa lori, unalijua hilo. Yule bwana alikuja asubuhi, akasimama chini ya mwembe. Tulimkaribisha kiti, hakukaa. Tulimkaribisha chai, akasema amekunywa. Wakati wote alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu kimoja kwa kukisugua nyuma ya suruali, kile kimoja tu, mpaka kikang'aa. Bahasha akaiweka dirishani. Sikumbuki alisema nini. Kile kiatu nakikumbuka.

Zimwi umelikosa kwa sababu ulilitafuta kwenye mkono. Mkono ni chombo. Zimwi linakuja usiku ule mama anapomlazimisha mzee aombe mtoto arudi, siku kumi baada ya kifo, na kaburi liko mbali kidogo kwa miguu. Wanangoja. Mshumaa unazima. Kisha mlango unagongwa, polepole, halafu kwa nguvu. Mama anashuka mbio, anahangaika na komeo la juu ambalo hawezi kulifikia, anavuta kiti. Mzee amebaki chumbani juu, amepiga magoti anapapasa sakafu, anautafuta ule mkono kabla mlango haujafunguka. Anaomba ombi la tatu, ambalo mwandishi hatuambii maneno yake. Mlango unafunguka, barabara ni tupu, kuna taa ya mtaani tu.

Nani alikuwa nje? Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yule wa nje aliwajua. Alilelewa mle ndani. Mama alitegemea hilo, na mzee ndilo lililomtetemesha, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kuutambua mwili. Horla ni mgeni, amekuja kwa ile meli ya Brazil. Huyu ni mtoto wa nyumbani, na wazazi wake wawili wanamwona tofauti kupitia ubao wa mlango mmoja.

Muulize mama yako kuhusu Walumbe, yaani Kifo katika ngano za Waganda. Kwao Mityana, karibu na mashimo ya Tanda, bibi yake alikuwa akisimulia namna Kintu na mkewe Nambi, watu wa kwanza, walivyoonywa wasirudi nyuma, wakarudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kulisha kuku, na Kifo akawafuata. Mama anasema bibi hakueleza hata siku moja Walumbe ana sura gani. Alipofika pale watu walipoambiwa wanyamaze wote ili Walumbe akamatwe, aliacha kusema, na watoto nao wakaziba midomo, kana kwamba wao ndio watakaopiga kelele na kumkimbiza ardhini. Lifikirie hilo unapoandika kuhusu nani anasimulia na msikilizaji amekaa wapi.

Nikwambie lililobaki, maana uliuliza kwa nini nimekomaa na hadithi moja. Baada ya kumzika kaka yako, mama yako aliacha kufunga komeo la mlango wa mbele. Hakusema kitu. Mimi nilikuwa naamka saa sita usiku, nalifunga. Nikilala, nasikia chuma kinavutwa taratibu, amelifungua. Tulikwenda hivyo mpaka mvua za masika zikaisha. Hatukuwahi kulizungumza. Nilikuwa najiambia naogopa wezi.

Kwa hiyo ukurasa wa nne uandike upya. Ukurasa wa pili uongeze kioo. Tahajia ya "Maupassant" umeikosea mara mbili, nimeweka alama. Karatasi nitampa dereva wa teksi ya asubuhi, uzichukue Kampala kesho jioni.

Mama yako anakusalimu sana. Amenisikia nikiisoma barua hii kwa sauti, amekaa kimya, kisha akasema ukija likizo, hata ufike usiku wa manane, usigonge. Sukuma tu.

Baba yako