Mkipeana mapishi ya sikukuu, semeni na ukubwa wa tini ya kuokea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wapishi wenzangu wa nyumbani. Kila sikukuu zinapokaribia, mapishi huanza kutembea. Shangazi anampa jirani, jirani anampa mfanyakazi mwenzake, na mengine yanafika mpaka kwenye ukurasa wako wa mapishi. Ni jambo jema, silipingi. Ninacholalamikia ni kwamba mengi yanafika nusu. Viungo vimetajwa, hatua zimetajwa, ila yale ambayo mwenye pishi anayajua kwa mkono wake, na ndiyo yanayofanya chakula chake kisifiwe, hayamo.

Mimi ni mstaafu wa kazi ya stoo. Kwa miaka mingi nimekula mshahara wa kupima, kuandika na kuuliza maswali ambayo watu hawapendi kuulizwa. Nyumbani kwetu mpishi wa sikukuu ni mimi (mke wangu anapika siku nyingine na anasema hiyo moja ni likizo yake), kwa hiyo tabia za stoo nimeingia nazo jikoni. Shemeji yangu, mke wa kaka, anaoka keki ambayo ukoo mzima unaisubiri. Nilipomwomba maelekezo akaanza: unga wa ngano vikombe vitatu.

"Kikombe kipi, shemeji?"

"Kikombe tu. Na wewe nawe!"

Kikombe tu hakipo. Kikombe cha kupimia cha Marekani ni kama mililita 240, cha metriki ni 250, na kile cha zamani cha Uingereza ni 284. Kikombe cha chai cha kabatini kinaweza kuwa chochote. Na hata mkikubaliana kikombe, unga uliochekechwa ukamiminwa taratibu unatoa gramu 120 hivi, wakati ule uliochotwa kwa kuzamisha kikombe kwenye mfuko na kushindilia unafika 150 au kupita. Kwa vikombe vitatu, hiyo ni tofauti ya gramu 90, inayotosha kabisa kuigeuza keki laini iwe ya kuteremshia kwa chai. Nikamwomba shemeji achote unga wake kama kawaida yake, ila bakuli likae juu ya mizani yangu. Alicheka sana, lakini alichota. Ile namba niliyoisoma kwenye mizani ndiyo mapishi. Vikombe vitatu vilikuwa maneno tu.

Vijiko navyo vina mambo yake. Kijiko cha chakula cha kupimia kwa kawaida ni mililita 15, lakini cha Australia ni 20. Kwa sukari haitakuumiza. Kwa chumvi au beking pauda utaisikia mdomoni. Na tafadhali, anayeandika beking soda asimaanishe beking pauda. Soda ina nguvu karibu mara tatu au nne ya pauda, na inataka kitu chenye uchachu ndani ya mchanganyiko, kama maziwa ya mgando au maji ya limau, ili ifanye kazi yake. Bila hivyo keki inabaki na ladha ya sabuni.

Sasa nije kwenye tini, maana hapa ndipo sikukuu nyingi zinapoharibikia. Mtu anapokea mapishi ya keki ya watu wanane, yeye anatarajia wageni kumi na sita. Anazidisha kila kitu kwa mbili, kisha anatafuta tini. Kama keki ya mwanzo ilikuwa ya tini ya duara ya sentimeta 20, wengi watafikiri mara mbili yake ni tini ya sentimeta 40. Hiyo ni mara nne! Eneo la duara linakua kwa mraba wa upana wake, kwa hiyo mchanganyiko huo utasambaa kama chapati na kukauka kabla hujaketi. Tini inayobeba mara mbili kwa kina kilekile ni ya sentimeta 28 hivi. Na kwa kuwa kina hakijabadilika, muda wa kuoka hauongezeki maradufu. Huongezeka kidogo tu, na jicho lako litakwambia. Ukiulazimisha mchanganyiko wote kwenye tini ileile ndogo, pembeni zitaungua na katikati itabaki uji. Haya yote yanakwepeka kwa mwandishi wa mapishi kuongeza maneno matatu: tini, sentimeta 20.

Sufuria nayo ina hesabu yake. Ukizidisha mchuzi kwa mbili, usizidishe maji kwa mbili. Maji hupotea kupitia uso wa sufuria, na uso wa sufuria kubwa hauwi mara mbili ya ule wa ndogo. Anza na pungufu, ongeza baadaye. Chumvi hivyo hivyo, onja kwanza.

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi. Ukimpa mtu namba 350 bila kusema ni ya Farenhaiti, anaweza kutafuta kitufe ambacho oveni yake haina. Ni kama nyuzi 177 za Selsiasi, ndiyo maana wengi huandika 180. Na kama oveni yako ina feni, sema. Yenye feni huwekwa karibu nyuzi 20 chini.

Yapo pia mawaidha yanayoambatana na mapishi, yakirithishwa kutoka kwa bibi hadi mjukuu, ambayo natamani yastaafu kama mimi. La kwanza ni kumwosha kuku mbichi chini ya bomba. Najua nagusa pabaya. Mama mkwe wangu hataki hata kulisikia. Lakini maji hayaui vijidudu, yanavirusha tu kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari iliyo pembeni. Moto ndio unaoua, sehemu nene ya paja ikifika nyuzi 74. La pili ni ile imani kwamba nyama ikikaangwa kwanza kwa moto mkali "inaziba" maji yake yasitoke. Haizibi kitu, maji yanatoka kama kawaida. Unachopata ni ile rangi ya kahawia na ladha yake, na hizo zinatosha kuwa sababu ya kuikaanga. Ila ikaushe nyama kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu nyama yenye maji inachemka badala ya kubadilika rangi.

Na vitunguu! Nani aliyeanza kuandika kwamba vitunguu vinakuwa vya kahawia na vitamu kwa dakika kumi? Kwa moto mdogo, kama inavyotakiwa, ni dakika arobaini, na sufuria iliyojaa ya sikukuu inaweza kufika saa nzima. Mpishi mgeni akiamini zile dakika kumi ataongeza moto, viungue, kisha ajione hajui kupika, kumbe aliyemdanganya ni karatasi.

Lakini kitu ambacho hatupeani kabisa, na ambacho ningekitaka kuliko mapishi yoyote mapya, ni ratiba. Mapishi yanaandikwa kana kwamba kila chakula kina oveni yake. Siku ya sikukuu jiko ni moja, kuku anataka oveni, viazi vinataka oveni, keki inataka oveni, na wote kwa joto tofauti. Kila anayesifiwa kwa meza yake ana mpango kichwani wa nani anaingia lini, na huo hausemi.

Basi wa kwangu huu hapa. Keki ya matunda makavu naioka wiki kadhaa kabla. Ikifungwa vizuri haiharibiki, inazidi kuwa nzuri. Kuku aliyegandishwa anahamia kwenye friji mapema, siku nzima kwa kila kilo mbili, akiwa juu ya trei, rafu ya chini kabisa, asidondoshee maji kwenye vyakula vingine. Jioni ya mkesha namkausha, nampaka chumvi gramu 10 kwa kila kilo, kisha namrudisha kwenye friji bila kumfunika. Chumvi inaingia ndani, ngozi inakauka, na kesho yake inakuwa ngumu ya kuvunjika kwa meno bila kupaka siagi hata kidogo. Maharage mekundu yanalowekwa usiku uleule, na asubuhi maji yanamwagwa, yanawekwa mapya, yanachemshwa kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto. Hapo sitanii. Yana sumu ya asili ambayo moto wa kunong'ona hauiondoi.

Asubuhi kuku anaingia peke yake. Akitoka, anakaa pembeni dakika ishirini kabla ya kukatwa, na dakika hizo ishirini ndizo dhahabu ya siku nzima, kwa sababu oveni iko wazi na bado ina moto. Viazi vilivyokwisha kuchemshwa nusu vinaingia hapo, joto likipandishwa. Wageni wanadhani nina oveni mbili.

Halafu kuna baada ya kula, sehemu ambayo hakuna mapishi yanayofika. Sufuria kubwa ya wali inaachwa jikoni mpaka usiku, kila anayepita anachota. Ule wali katikati yake unabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na kuna kijidudu, Bacillus cereus, ambacho mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Zikipata uvuguvugu zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto kesho yake. Wali unaobaki usambazwe kwenye sinia au vyombo vifupi upoe haraka, uingie friji ndani ya saa mbili. Watu wanaoshinda siku ya pili wakishika tumbo humlaumu kuku. Kuku wa watu mara nyingi hana kosa.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Unapochapa mapishi ya wasomaji msimu huu, mrudishie mwandishi karatasi yake mara moja tu na maswali haya: uzito wa unga, upana wa tini, joto la oveni, ni kitu gani kinaweza kufanywa jana yake, na chakula kilichoiva kinaonekanaje. "Oka mpaka iive" si maelezo. Keki inayoachana na ukingo wa tini, inayorudi ukiibonyeza kwa kidole, na kijiti kinachotoka katikati yake kikiwa kikavu, hayo ni maelezo. Kama nafasi ni finyu, punguza yale maneno ya mwanzo kuhusu familia kukaa pamoja. Tunajua tunakaa pamoja, ndiyo maana tunapika.

Na yule msomaji aliyetuletea keki ya matunda toleo lililopita, pishi lake limenivutia sana. Namwomba aseme tini yake ina upana gani, na kama zabibu aliziloweka kwanza au alizitia kavu. Mizani iko mezani na zabibu nimeshanunua.

Mstaafu wa stoo, msomaji wako wa siku nyingi