Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Wanataaluma

Ndugu wanachama,

Naanza na jambo ambalo kwa desturi lingewekwa mwishoni mwa taarifa, kwa kuwa ndilo lililoninyima usingizi mwaka huu.

Mwenzetu mmoja, mhadhiri wa mkataba, aliandika makala gazetini kuunga mkono sera ambayo wengi wetu tunaipinga, mimi nikiwamo. Muda mfupi baadaye akajulishwa kwamba mkataba wake hautahuishwa. Sababu aliyopewa ni upungufu wa vipindi, ingawa kozi zake mbili zilikuwa zimeshawekwa kwenye ratiba ya muhula uliofuata, na jina lake likiwamo. Alituletea malalamiko kwa maandishi. Kamati Tendaji ilichukua wiki saba kuuandikia uongozi wa chuo barua ya kwanza.

Mwaka uliotangulia, mwenzetu mwingine alipoitwa kamati ya nidhamu kwa kuikosoa serikali kwenye mhadhara wa hadhara, barua yetu ilifika ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo siku ya pili yake. Nimerudi kuzisoma kumbukumbu za vikao vyote viwili. Katika kikao cha mwaka ule hakuna aliyeuliza mwenzetu anaamini nini. Katika kikao cha mwaka huu tulitumia karibu saa nzima kujadili kama makala ile ilikuwa na uzito wa kitaaluma. Swali hilo halikutuhusu. Makala ya gazetini haipelekwi kwa wahakiki, na haki ya mwanataaluma kusema kama raia haipimwi kwa ubora wa hoja zake. Kiti nilikikalia mimi, na niliuacha mjadala ule uendelee. Nawaomba radhi wanachama. Yeye nimeshamwomba radhi ana kwa ana.

Tukizungumzia siasa kuingilia chuo, macho yetu huenda nje: kwa serikali, kwa wafadhili. Zipo sababu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua Archie Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia, kisha Baraza la chuo likatengua uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi wa rangi. Wanafunzi walilikalia jengo la utawala siku kadhaa, lakini Mafeje alifariki mwaka 2007 bila kuishika nafasi ile. Shinikizo lilitoka serikalini, ila waliotengua ni watu wa chuo wenyewe, wakiwa wameketi kikao halali chenye ajenda na kumbukumbu. Kila ninapousoma mkasa huu, nabaki kuwafikiria waliokuwa mezani siku ile.

Upo na mfano wa kinyume. Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha California kiliwataka wahadhiri waape kwamba si wakomunisti. Mwaka uliofuata, 31 waliokataa walifukuzwa, hadi mahakama ilipoamuru mwaka 1952 warudishwe. Kukataa kwao hakukuwa kwa ajili ya kuutetea ukomunisti. Walichokikataa ni ajira ya mwalimu kutegemea kiapo cha siasa, na kwa hilo wakahatarisha mishahara yao. Hicho ndicho kipimo ambacho kamati yetu imeshindwa kukifikia.

Azimio la Kampala la Novemba 1990, linalohusu uhuru wa wanataaluma na wajibu wao kwa jamii, lililokuja miezi michache baada ya lile la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma, tunapenda sana kulinukuu kwenye sehemu ya haki. Sehemu ya wajibu tunairuka. Humo wanataaluma wanatakiwa kukuza moyo wa kuvumilia mitazamo tofauti, na kundi moja linakatazwa kulisumbua au kulikandamiza jingine. Walioliandika walikuwa wanayajua vizuri mateso ya dola, na bado waliona haja ya kuweka vifungu kuhusu sisi kwa sisi.

Shauri la pili lilihusu mwanafunzi aliyedai kwamba insha yake ilipewa alama za chini kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Tuliomba insha isahihishwe upya na watu wawili wasiojua jina la mwandishi wala alama za awali. Wote walitoa alama zilizokaribiana na zile za kwanza: hoja kuu haikuwa na ushahidi. Hata hivyo, malalamiko hayakuwa ya bure. Mhadhiri wake, ambaye ni mwanachama wetu, aliwahi kusema darasani kwamba wenye mtazamo ule ni watu wasiosoma. Ukishasikia kauli hiyo kutoka kwa anayekusahihisha, utaziaminije alama zake? Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu walimu wa elimu ya juu linalinda uhuru wa kufundisha bila kuingiliwa, lakini kwa sharti la kufuata maadili ya kazi. Mhadhiri autetee msimamo wake kwa nguvu zote. Mwanafunzi naye aone kwamba akiupinga kwa ushahidi atapata alama anazostahili. Mhadhiri huyo alirudi kulisema hili mbele ya darasa lake kwa hiari, na namshukuru kwa dhati.

La tatu ni tamko la kisiasa lililotolewa kwa jina la idara nzima. Wahadhiri wawili vijana walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakasema hawakuliafiki lakini walinyamaza, kwa kuwa mkuu wa idara ndiye anayewapendekeza kupanda cheo. Ripoti ya Kalven ya Chuo Kikuu cha Chicago, ya mwaka 1967, ilisema chuo ni makao ya wakosoaji, chenyewe kisiwe mkosoaji, isipokuwa pale uhuru wa uchunguzi unapotishiwa. Baadhi yenu mnaiona ripoti hiyo kuwa kichaka cha kujifichia, na kwa ngazi ya chuo bado nina mashaka nayo. Kwa idara naikubali. Anayetaka kutamka atie saini kwa jina lake, na asiyetaka asilazimike kujieleza.

Hesabu zimekaguliwa, na Mweka Hazina atazisoma mwenyewe.

Kamati inaleta pendekezo moja la kurekebisha katiba yetu: malalamiko yoyote ya uhuru wa kitaaluma yajibiwe ndani ya siku kumi, na maudhui ya maoni ya mlalamikaji yasijadiliwe kabla barua ya kwanza haijatoka. Mwenzetu wa mkataba sasa anafundisha kwingine, na shauri lake bado liko kwa uongozi wa chuo. Amesoma rasimu ya pendekezo hili na kuongeza neno "yoyote". Kura itakuwa ya siri, maana ukumbini watakuwamo wakuu wa idara na wahadhiri walio chini yao.