Kwa Nyemo, pamoja na ripoti zako za shule

Mwanangu Nyemo,

Salamu kutoka Mpunguzi. Sisi wazima, bibi yako bado anakohoa ila chakula anakula. Video ulizonitumia nimeziangalia mpaka bando likakata. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kuna karatasi za kuambatanisha.

Yule kijana wa kwenye video anasema ukisahau funguo, ukichelewa kulala na ukirudiarudia wimbo mmoja, basi una ADHD, ile hali ya akili kukosa umakini na utulivu. Kwa hesabu yake kijiji kizima tunayo, mwenyekiti akiwemo. Sisemi anadanganya kwa makusudi. Ila mwaka 2022 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya kuchambua video 100 za ADHD zilizokuwa zimetazamwa zaidi TikTok. Za kupotosha zilikuwa 52. Zenye mafunzo ya kweli 21. Zilizobaki ni za watu wanaosimulia maisha yao. Na anayezitengeneza hakuoni, mama. Hajui kama umelala, hajui kama umekula.

Sasa linganisha na siku ile ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua hukutaka kwenda. Hapa Dodoma mtoto akitaka kumtukana mwenzake anamwambia "wewe wa Mirembe", na wewe tangu getini ulijifunika mtandio mpaka puani. Lakini kumbuka daktari alivyoanza. Hakukupa jina la ugonjwa, aliuliza. Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, kuna jambo linakusumbua moyoni, umewahi kuanguka kifafa, masikio yanasikia vizuri? Akakutuma maabara wapime damu na homoni. Mtu asiyelala, au mwenye wasiwasi, au aliyepungukiwa damu, naye hawezi kutuliza akili kwenye kitabu, na dawa yake ni nyingine kabisa. Mimi kipimo changu cha mtu wa kumwamini kwenye hili ni hicho tu: ameuliza mangapi kabla ya kujibu?

Halafu akanigeukia mimi. Alitaka kujua ulivyokuwa mdogo. Nilidhani anapoza mazungumzo, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, tena sehemu mbili au zaidi, si darasani peke yake, na ziwe zinakwamisha maisha kweli. Kwa aliyefikisha miaka 17 zinahitajika angalau dalili tano za kukosa umakini, au tano za kutotulia, na ziwe zimedumu miezi sita au zaidi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayosema "huyu anayo". Kwa hiyo sehemu ya ushahidi wako haipo kwenye simu, Nyemo. Ipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yako.

Nimezitoa ripoti. Darasa la tatu, kwa wino mwekundu: "Ana uwezo mzuri ila hamalizi kazi. Anaangalia nje." Darasa la tano, ukiwa na miaka 11, mwandiko wa mwalimu mwingine: "Anapoteza madaftari. Mzazi amfuatilie." Ya darasa la nne panya wamekula kona, lakini maoni yanasomeka. Walimu tofauti, miaka tofauti, wanasema jambo moja, na hakuna aliyejua kwamba siku moja daktari atasoma.

Na ya nyumbani nimeyaandika nyuma ya karatasi ya mwisho, ili usimwambie daktari "baba anasema nilikuwa hivyo" halafu ukakosa mfano. Ile ya mashine nimeiweka. Ulitumwa kusaga uwele, jua likazama, tukakukuta kwa fundi baiskeli unaangalia anavyoziba pancha, debe limekaa kando, uwele mzima mzima. Hukuwa mkaidi. Ulishtuka kweli ulipoliona lile debe. Hukuwa mtundu wa kupanda juu ya meza pia, na mtoto wa kike wa namna hiyo huchelewa kutambuliwa, kwa kuwa hamsumbui mtu.

Daktari aliniuliza pia mimi nilikuwaje shuleni. Nikacheka. Mama yako hakucheka. Nimesoma baadaye kwamba hali hii inarithiwa kwa kiasi kikubwa, nikaelewa swali lilikuwa la nini.

Kuhusu ule unga wa mitishamba aliokutumia mama mdogo: tangazo lake linasema unatibu presha, kisukari, nguvu za kiume na "akili kutawanyika". Kopo hilohilo. Umrudishie kwa adabu. Na yule anayesema chanzo ni sukari, jambo hilo lilishapimwa miaka ya 1990, watoto wakapewa sukari na wengine kitu kitamu kisicho sukari bila wao wala wazazi kujua nani kapewa nini, na tofauti haikuonekana kwenye tabia.

Kwenye dawa utakutana na mambo yanayogongana, usitaharuki. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unaiweka methilifenideti, dawa ya ADHD, miongoni mwa dawa za kuanzia. Kamati ya Shirika la Afya Duniani nayo ilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, ikakataa tena 2021, ikisema ushahidi haujatosheleza. Hapo hakuna mwongo. Mmoja anajibu mgonjwa wake aanze na nini, mwingine anajibu nchi zote zihifadhi nini. Swali lako wewe, la mwili wako na moyo wako na mitihani yako, mpelekee daktari. Usinunue kidonge kwa rafiki wa hosteli hata kama kinamsaidia yeye.

Hao wanaosimulia maisha yao usiwatupe wote. Aliyeishi nayo anajua jinsi ya kupanga siku kuliko mimi, na pengine kuliko daktari. Yule dada anayeweka kengele mbili, ya kuanza na ya kuacha, mimi nimempenda. Jaribu kwa wiki kadhaa, andika kwenye daftari dogo kilichosaidia na kilichoshindikana, uende nalo kliniki. Ila usimwachie yeye akuambie kama unayo au huna.

Ripoti ni nakala, halisi zinabaki hapa kwa sababu nakufahamu. Bahasha utaipokea kwa kondakta, nitakutumia namba ya basi. Tarehe ya kurudi Mirembe niambie mapema ili nikulipie treni, na isiangukie mwezi wa nane ukiweza, tutakuwa kwenye zabibu na sitapata mtu wa kuniachia shamba.

Baba yako

Mama yako anauliza kama majibu ya damu uliyachukua, au yamebaki kwenye begi lile lililopotea.